Jina Nililolifunika kwa Wino

Watu wa ofisini kwetu walimwita Madamu, na mimi nikamwita hivyo hivyo kwa miaka kumi na minne bila kujiuliza hata siku moja wazazi wake walimpa jina gani. Ningejiuliza, kuna mtoto wa kike, wakati huo wa miaka saba, ambaye leo angekuwa analala kwa mama yake. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nasimulia kwa ajili ya kujisafisha. Mwenye kosa la kwanza ni mimi, wa pili ni yeye, na wa tatu ni bosi wetu, ingawa huyo ukimuuliza atakuambia hata hajui unazungumzia nini.

Kazi yangu ni kutafuta watu. Ofisi yetu ni ya tafsiri, ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani, ngazi hamsini na mbili, na lifti ambayo kila mtu anaiogopa tangu ilipomfungia mhasibu wa ghorofa ya nne kutwa nzima. Mtu akija na cheti cha ndoa cha Kireno anachotaka kukipeleka kwa Wajerumani, mimi ndiye ninayejua nani mjini anaiweza kazi hiyo, nani anajidai anaiweza, na nani aliiweza zamani kabla ya chupa kumshinda. Wenzangu wananiita Mpelelezi. Zamani nilikuwa nalipenda jina hilo. Siku hizi wakiniita najifanya sikusikia.

Madamu alianza maisha kama mwalimu wa Kifaransa, na ndiko jina lilikotoka. Kisha hospitali ya wagonjwa wa akili ya pembezoni mwa mji ikaletewa madaktari wa Kiitaliano, na mafaili yote ya pale yalikuwa ya Kifaransa. Wakataka mtu wa kuwasomea. Madamu alikwenda kwa mwezi mmoja, akakaa miaka kumi na miwili. Kiitaliano alijifunzia pale pale, mezani kwa madaktari, na saikolojia alijifunzia kwenye mafaili na kwenye midomo ya wagonjwa. Kila neno jipya aliliandika kwenye kadi: mbele Kifaransa, nyuma Kiitaliano, na chini yake sentensi moja ya mgonjwa, bila jina. Mumewe alikuwa muuza viatu. Wateja wakiondoka wamevaa viatu vipya, maboksi yalibaki dukani, na yote yakaishia nyumbani kwa Madamu kutunzia kadi. Madaktari walipofunga virago na kurudi kwao, alikuwa na maboksi thelathini na moja.

Hapo ndipo nilipompata mimi. Kwa tafsiri za Kifaransa kwenda Kiitaliano, na hasa za mambo ya akili na nafsi, hakuwa na mpinzani. Alikuwa mkavu, hacheki ovyo, kichwa kigumu kama nini. Alikuwa na sheria moja ambayo alitutwanga nayo mpaka tukaizoea: maneno ya mgonjwa hayarembwi wala hayapunguzwi. Mgonjwa akitukana, tafsiri itukane. Mara moja nilimwomba alainishe sentensi moja kwenye ripoti ya mzee fulani kwa sababu watoto wake wangeisoma. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

"Mwanangu," akasema, "huyu mzee hana kitu kingine. Amebaki na haya maneno tu. Unataka nimnyang'anye?"

Miaka miwili kabla ya habari hii, bosi alileta programu ya kompyuta inayotafsiri yenyewe, akataka Madamu awe anapitia tu na kurekebisha. Madamu akasema programu hiyo haijawahi kukaa chumba kimoja na mtu anayelia. Bosi akampa za uso mbele yetu sote: kwamba amepitwa na wakati, kwamba kadi zake ni chakula cha mende. Madamu alichukua mwavuli wake akashuka ngazi zote hamsini na mbili bila kuaga. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeinamia droo nikitafuta vibanio vya karatasi ambavyo sikuwa na haja navyo.

Basi asubuhi moja nikiwa mezani nikasikia sauti ya mtoto ikipanda ngazi. "Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hamsini." Ilipofika hamsini na mbili mlango ukafunguka, akaingia wakili mmoja wa kike ninayemfahamu, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyeshika mkono wa binti mdogo. Binti alitangaza idadi ya ngazi kwa ofisi nzima, kisha akasimama kando ya meza yangu akaanza kuzichunguza kalamu zangu.

Wakili alieleza bila kupoteza muda. Mwanamke huyu aliolewa Italia, ndoa ikavunjika, na kwa ruhusa ya mahakama alirudi nyumbani na mtoto. Sasa baba anamtaka mtoto. Hakimu wa huko aliagiza mama na mtoto wapimwe na mwanasaikolojia, na bingwa wa hapa aliyewapima, siku nyingi tu, ameandika ripoti ya kurasa ishirini na sita kwa Kifaransa. Ripoti inamuunga mkono mama. Mahakama inaitaka kwa Kiitaliano, imetafsiriwa na mtu wa fani, kwa kiapo na muhuri, ndani ya siku ishirini na moja. Isipofika, hakimu ataamua kwa karatasi za baba peke yake.

"Hiyo ripoti ndiyo roho ya kesi," wakili akasema. "Bila hiyo, mtoto anaondoka."

Mama alingoja mpaka walipokuwa wanaondoka. Akageuka mlangoni.

"Zamani mlikuwa na mama mmoja hapa," akasema. "Wa makaratasi ya hospitali. Bado yupo?"

"Aliacha kazi miaka miwili iliyopita," nikamjibu, na wakati huo ilikuwa kweli.

"Vizuri," akasema.

Mpelelezi mzima nikasikia neno hilo, "vizuri", nikaliona limekaa ovyo, na nikaliacha lipite. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitampigia nani.

Nilipiga simu wiki nzima. Wa kwanza alikuwa fundi mzuri wa Kiitaliano, lakini alikuwa ametafsiri vitabu vya maelekezo ya cherehani maisha yake yote, na alipofika kwenye huzuni akaandika kama mtu anayeeleza uzi uliokwama. Wa pili aliniletea ukurasa wa majaribio siku hiyo hiyo, nikajua kabla sijamaliza mstari wa tatu kwamba ameutoa kwenye kompyuta ukiwa na moto wake. Wa tatu alisema anaiweza, ila saikolojia haiamini, akataka kunieleza kwa nini. Wa nne alipokea mkewe.

"Ameshafariki, dada," akasema. "Lakini kamusi zake zipo. Mnazihitaji?"

Siku ya saba nikapiga moyo konde nikaenda kwa Madamu. Alikuwa akiishi vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, mume ameshafariki miaka tisa, maboksi yamepangwa ukutani hadi juu ya dirisha. Kwenye mlango wa kati palikuwa na kiti kimoja cha wageni, na juu ya kiti gazeti la mwezi uliopita. Ilionyesha wageni walikuwa wa nadra. Nilimwomba radhi kwa niaba ya bosi, jambo ambalo bosi hakunituma. Hakunisaidia hata kidogo. Aliniacha nijiumeume mpaka nilipotaja mtoto.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba. Na siku zilizobaki ni kumi na nne."

"Lete," akasema.

Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu, kwa sababu ndio uliotuua. Ripoti za mambo ya nafsi haziendi kwa mfasiri na majina yake. Mji ni mdogo, watu wanajuana, na siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kwa hiyo mimi hutoa nakala, nachukua kalamu nene ya wino mweusi na orodha ya majina kutoka kwa wakili, nafunika kila jina na juu yake naandika herufi. Mtoto ni A, mama ni B, baba ni C, bibi mzaa mama ni D. Kazi ikirudi, naiambia kompyuta irudishe majina mahali pa herufi, nayo hurudisha yote kwa kufumba na kufumbua. Mfasiri hutia saini na muhuri kwenye ukurasa wa kiapo, na mteja haambiwi mfasiri ni nani mpaka kazi ifungwe. Tulijivunia utaratibu huo. Tuliueleza kwa wateja kama watu wanaoonyesha kasha la chuma.

Nilikaa na ile kalamu alasiri moja. Natazama orodha, natazama karatasi, napaka. Ukifanya kazi hii muda mrefu jina halisomeki tena, linakuwa umbo tu la kuwindwa. Jina la D nililifunika mara kumi na nne. Baadaye nilihesabu.

Siku ya sita tangu nimpelekee, Madamu akanipigia simu. Hakuwa mtu wa simu.

"Mwanangu," akasema, "kazi ikimshinda mfasiri katikati, inakuwaje?"

"Imekushinda?"

"Nauliza tu."

Siku hiyo bosi alikuwa ameniamkia vibaya, na nilikuwa na faili tatu mkononi. Nilimjibu kama mtu anayefukuza kuku.

"Madamu, tafadhali usinifanyie hivyo. Nimetafuta mpaka kwa mjane wa marehemu. Ukiiacha wewe, huyu mama ameshampoteza mtoto wake. Ameshampoteza, basi."

Nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni.

"Hakuna mwingine kabisa?"

"Hakuna."

"Haya," akasema. "Ukurasa wa tisa ni mgumu kidogo. Nitachelewa siku moja."

Alichelewa siku moja kama alivyosema. Alikuja mwenyewe, akapanda ngazi polepole, bahasha ameikumbatia kifuani. Nilimwona amekonda. Nikamwambia amekonda, akasema ni miwani mpya. Akakaa kwenye kiti mbele yangu, akatazama meza yangu na kalamu zangu.

"Walikuja hapa?" akauliza. "Huyo mama na mtoto?"

"Madamu, unajua hatuzungumzi habari za wateja."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Nikamsomea kiapo. Sheria inataka kisomwe kwa sauti, na mimi nilikuwa nakisoma kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi: kwamba tafsiri ni kamili, kwamba ni ya kweli, kwamba mimi mfasiri sina undugu wala maslahi na yeyote anayetajwa humu. Madamu aliushika muhuri wake, ule wa mbao wenye mpini uliochakaa, akausimamisha hewani.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akapiga muhuri, akatia saini, akafunga kalamu. Nikamshukuru sana, nikamwambia ameokoa familia ya watu. Hata hilo nililisema, na kwa mdomo mpana.

Kompyuta ikarudisha majina. Mimi nikabana kurasa, nikatia kwenye bahasha, ikaondoka na msafirishaji jioni hiyo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na muhuri wa duara, na ndani ya duara jina kamili la mfasiri, limezunguka ukingo. Lakini muhuri nani anausoma? Muhuri unatazamwa kama upo au haupo. Nilitazama, nikaona upo.

Wakili wa baba aliusoma. Na baba mwenyewe, bila shaka, jina la mama mkwe wake alilijua kuliko sisi.

Wakili wetu alinipigia simu siku kumi baada ya hapo, sauti yake ikiwa chini, na mimi nilidhani simu ina hitilafu.

"Mfasiri wako ni nani?" akaniuliza.

"Unajua siwezi..."

"Ni mama mzazi wa mteja wangu! Ni bibi wa mtoto! Amekula kiapo kwamba hana undugu, na jina lake liko mle ndani mara kumi na nne. Mmefanya nini nyinyi watu?"

Hakimu hakupoteza wakati. Alisema tafsiri iliyofanywa na bibi wa mtoto kwa kiapo cha uongo haiwezi kuaminiwa hata sentensi moja, muda wa kuleta nyingine umepita, na kwa karatasi zilizopo mtoto arudishwe kwa baba kabla ya mwisho wa mwezi. Rufaa ingechukua miaka miwili, pengine mitatu.

Nilikwenda kwenye kabati, nikatoa ripoti yenyewe isiyo na wino, nikaiweka kando ya nakala ya kiapo. Nikausoma muhuri nikiuzungusha kama mtu anayefungua mfuniko. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza wenye jina la bibi. Lilikuwa lile lile la kwenye muhuri. Miaka kumi na minne ninafanya kazi na mtu, nalifunika jina lake kwa mkono wangu mara kumi na nne, na sikulijua.

Ndipo nikasoma ukurasa wa tisa, ambao sikuwa nimeusoma, kwa sababu mimi husaka majina, sisomi. Mwanasaikolojia alikuwa amemuuliza mama habari za utoto wake, na maneno yake aliyaandika kama yalivyotoka. Nayaleta hapa kwa Kiswahili changu.

"Mama yangu aliwasikiliza wagonjwa wa watu miaka kumi na miwili. Baba alipofariki nilikwenda kwake nikamwambia kifua kinaniuma, sipati pumzi. Akasimama. Nilidhani anakuja kunishika. Alikwenda kwenye maboksi yake ya viatu kutafuta ninachoumwa kinaitwaje. Siku ya tatu ya msiba alikaa mezani akatafsiri kurasa sita. Niliondoka, sijarudi kwake. Ndiyo maana mwanangu akilia mimi simuulizi kitu. Namshika kwanza. Maswali baadaye."

Na chini yake mwanasaikolojia aliandika kwamba hapa ndipo penye nguvu ya mama huyu, kwamba alichokikosa amekifanya kuwa malezi, na kwamba kumtenga mtoto na mikono hiyo kungemdhuru. Kwa maneno mengine, ukurasa uliomhukumu Madamu ndio uliombeba binti yake. Kuulainisha kungekuwa kuivunja kesi.

Nikachukua Kiitaliano cha Madamu nikalinganisha mstari kwa mstari. Kiitaliano changu ni cha kuombea maji, lakini kwa kulinganisha kinatosha. Hakupunguza neno. Maboksi yapo. Kurasa sita zipo. "Sijarudi kwake" ipo. Kurasa ishirini na sita za kweli tupu, na uongo wa sentensi moja, ile niliyoisoma mimi mbio mbio. Angesema, tungeiomba mahakama ruhusa, tungepiga magoti, tungefanya lolote. Hakusema, kwa sababu alipouliza nilimwambia hakuna mwingine. Na kweli hakukuwa na mwingine. Bado najaribu kujua nilitakiwa kumjibu nini.

Niliiandikia mahakama barua ya kurasa mbili kwamba tafsiri ilinganishwe na ripoti, neno kwa neno, na mtu yeyote wanayemtaka. Nilijibiwa mistari miwili. Bosi alilifuta jina la Madamu kwenye orodha ya wafasiri, akatutangazia kwamba ofisi imedanganywa. Nilisimama nikamwambia ofisi haikudanganywa, ofisi haikusoma. Nilimwambia na mengine ya akiba ya miaka mingi, kwa sauti ambayo hadi duka la miwani waliisikia. Hakunifukuza. Anajua hakuna mwingine wa kutafuta watu, na maneno hayo siku hizi sitaki kuyasikia.

Mtoto aliondoka siku ya Alhamisi. Jumatatu iliyofuata mama yake akaja ofisini. Hakuna aliyehesabu ngazi. Nilimwona tu amesimama mbele yangu.

"Nataka kuiona," akasema. "Alichoandika."

Nikampa. Alianza kwa hasira, akifunua kurasa kwa nguvu, midomo imekaza. Alikuwa amekuja kutafuta mahali mama yake alipojisafisha, hilo lilionekana wazi. Akafika ukurasa wa tisa. Akausoma. Akarudi juu, akausoma tena, safari hii kidole kikifuata mistari.

"Hii ni sauti yangu," akasema. "Kiitaliano hiki ningekisema mimi hivi hivi."

Kidole chake kikabaki kwenye mstari wa mwisho.

"Miaka tisa nimengoja aniambie kwamba siku ile alinisikia. Kumbe alisikia kila kitu, mpaka nukta." Akakunja karatasi, akazisukuma upande wangu. "Na bado ameona heri amwambie hakimu, si mimi."

"Nimwambie chochote?" nikamuuliza. "Ninakwenda kwake."

"Maneno anayo ya kutosha," akasema, na akashuka.

Alasiri hiyo hiyo nikaenda. Madamu alikuwa anajua yote. Wakili alikuwa amempigia na kumsema mpaka akachoka. Gazeti bado lilikuwa juu ya kile kiti, nikaliondoa nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilipofika kwenye maboksi nilijua," akasema. "Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka la dawa. Wako hapa mjini, na mimi sijui. Nikawaza, nikienda kugonga mlango sasa hivi atanifukuza, na kazi itakwama. Nikawaza nimalize kwanza. Nimpe hii, halafu ndipo niende. Hii ndiyo niliyokuwa naiweza."

"Ungeniambia, Madamu."

"Ungempata nani?"

Nikayatazama maboksi. Alikuwa na kadi mbili tupu mkononi, anazigeuzageuza.

"Mjukuu wangu namjua vizuri," akasema. "Analala na soksi ya mama yake mkononi. Anachora nyumba zenye madirisha mengi, mlango hachori. Lifti anaiogopa. Ngazi anazihesabu kwa sauti. Akiwa anakula huwa anaimbaimba." Akaziweka kadi mezani. "Ila ripoti haikuandika urefu wake. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ana urefu gani?"

Nilisimama. Pale mlango wa kati nikajaribu kumkumbuka kando ya meza yangu, akichunguza kalamu, nikapandisha kiganja, nikakishusha kidogo, nikakiacha hapo. "Hapa," nikasema. Madamu akainuka, akaja, akaweka kiganja chake chini ya changu, hewani, pale ambapo kichwa kingekuwa. Akapima kwa macho kutoka hapo hadi sakafuni. Kisha akachukua penseli akachora mstari kwenye mwimo wa mlango, akauandikia tarehe.

Nilipita kwake juzi. Mstari upo. Rufaa bado haijasikilizwa na sijampata mfasiri mwingine wa ile ripoti. Binti yake hajaja. Kwa hesabu yangu mtoto ameshaupita ule mstari kwa kiganja kizima.